Nafasi Niliyoiziba kwa Mawe

Faida,

Umeteremka Kamembe kuchukua tiketi ya basi na kusukwa nywele, na ninavyomjua yule msusi wako mwenye maneno mengi, hutarudi kabla ya jioni. Kwa hiyo nimekaa kwenye meza yako. Kompyuta yako nimeisogeza kando kwa mikono miwili kama mtu anayebeba mayai, nikachana karatasi katikati ya daftari lako la mahesabu. Usiniulize ruhusa nimeipata wapi. Meza ni yangu, na bibi haombi ruhusa kwa mjukuu.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho masista walichonifundisha kuandika kule Bukavu, miaka mitatu tu, halafu baba akasema msichana akijua kuandika jina lake na kusoma bei sokoni inatosha. Kinyarwanda nakisema na kugombana nacho, lakini kukiandika siwezi. Utakuta makosa. Yaache yalivyo, mimi si mwanafunzi wako.

Sitakuambia ule nini huko Kigali wala uvae nini. Una miaka ishirini na mitano. Ukishindwa kujipikia mchele, kaa na njaa yako. Mambo ya kufunga mlango, ya wanaume, ya kuvuka barabara, umeshayasikia kwangu mpaka masikio yamekuota magamba. Naandika kwa sababu ya saini.

Jumatano, tukiwa tunakula, ulisema: "Koko, ile modeli ya maternite, nafikiri nitatia tu saini." Ulisema ukitazama sahani. Mimi nikanyamaza, ukadhani sikuelewa, ukabadilisha maneno ukaanza kusifu maharage. Nilielewa, Faida. Nilinyamaza kwa sababu kulikuwa na neno nililopaswa kukuambia kwanza, na neno hilo limenikaa kooni tangu ukiwa na miaka kumi. Keshokutwa utakuwa ofisini mbele ya karatasi ile ya wodi ya wazazi. Sasa nisikilize.

Nianze na mashine yako. Uliporudi nyumbani wiki mbili zilizopita ukaifungua hapa, niliidharau. Nilisema: mtoto wa watu amesoma miaka mitano, halafu anakaa kutwa nzima anacheza na vijumba. Lakini ulinivumilia, na hilo nalikumbuka, kwa sababu mimi kwako sikuwa mvumilivu hata ulipokuwa unajifunza kufunga kamba za viatu.

"Koko, njoo uone. Hii ndiyo maternite mpya watakayojenga pale juu, ubavuni mwa jengo la zamani la kituo cha afya."

"Mbona haina mabati?"

"Hapa tunaangalia mifupa tu. Nguzo na mihimili."

"Na vitu hivi vyeusi chini ya miguu yake?"

"Mito. Ni mpira na bamba za chuma, tabaka juu ya tabaka, na katikati kuna moyo wa risasi, ile ya kuyeyushwa, si ya bunduki. Nyumba haikalii msingi moja kwa moja, inakalia mito. Ardhi ikienda huku na huku, mito inajinyonga, na nyumba huko juu inabaki karibu imetulia."

"Kwa hiyo mama anayezaa hatatupwa chini."

"Hatatupwa chini, Koko."

Nikasema ni uongo, maana kila kitu naanza kukiita uongo kabla sijakubali. Ukabonyeza, na mchoro ukaanza kuyumba kama mtu aliyetoka kwenye pombe ya ndizi. Nikakuuliza kama nyumba yako imelewa. Ulicheka mpaka ukashika tumbo. Ukasema umeukuza mwendo mara hamsini ili jicho liuone. Ukaweka nyumba mbili pamoja: moja bila mito, inatetemeka haraka haraka kama mbuzi aliyenyeshewa, na nyingine juu ya mito, sekunde mbili na nusu kwenda na kurudi, taratibu kama mwanamke mwenye mtungi kichwani. Nikauliza ni nani aliyeiambia mashine kwamba mito ile ni laini kiasi hicho.

"Mimi. Kila mto nimeuandikia namba zake. Ukisukumwa kando una ugumu huu. Ukibebeshwa mzigo una ugumu ule. Na mwendo ukizidi hapa, risasi inalegea na kumeza nguvu."

"Na ukiandika uongo?"

"Inahesabu uongo."

"Haikasiriki?"

"Haikasiriki kabisa. Inakupa majibu mazuri sana."

Siku ile niliiheshimu kazi yako. Niliona ni kazi kama ya kutoa ushahidi. Mashine haijui kitu, inajua ulichoiambia, na kile usichoiambia kwake hakijazaliwa.

Wiki ya pili ukaacha kucheka. Ulinieleza, na mimi nilishika zaidi ya ulivyofikiri. Nyumba iliyo juu ya mito lazima iwe na mahali pa kwenda inapoyumba. Ulisema sentimita arobaini kila upande, patupu, bila jiwe, bila bomba gumu, bila ngazi iliyoshikamana. Lakini upande mmoja pana jengo la zamani, na ramani waliyokupa inaacha kumi tu. Na hata hizo kumi wanataka kuzimimina zege, ili vitanda vya wagonjwa vipite kutoka wodi ya zamani hadi mpya bila kuruka shimo. Ukaliingiza jengo la zamani kwenye mashine. Kati ya majengo hayo mawili ukaweka kitu ulichokiita springi inayolala: haigusi chochote mpaka nafasi iishe, halafu inaamka na kupiga. Ukabonyeza. Ukuta wa katikati ukawa mwekundu wote, na mito kule chini haikupata hata nafasi ya kujinyonga, kwa sababu nyumba ilikuwa imekamatwa bega na jirani yake.

Halafu mkubwa wako akapiga simu. Ulikuwa unamenya ndizi, mikono ina utomvu, ukaweka sauti nje, nami nikasikia kila neno.

"Faida, ondoa hilo jengo la zamani kwenye modeli. Si jengo letu. Sisi tumeajiriwa kwa jipya."

"Lakini patron, lipo pale."

"Kwenye modeli halipo. Ondoa, endesha upya, tia saini. Unajua ni wangapi wanakitaka kiti chako?"

Ukaliondoa. Mara moja tu, ukuta mzima ukafutika kama mtu amepuliza majivu. Ukaendesha upya, na kila kitu kikawa cha buluu, kizuri, kimetulia. Ukanigeuzia mashine ili nione zote mbili, nyekundu na buluu. Mimi nikasimama, nikasema naenda kumtafuta mbuzi.

Hatuna mbuzi tangu Pasaka. Nilikaa nyuma ya jiko mpaka miguu ikafa ganzi. Ulidhani nimechoshwa na mashine yako. Sikuchoshwa. Nilikuwa nimeuona ukuta wangu.

Sasa sikiliza habari ya nyumba hii.

Vita vilipoingia Bukavu, mimi na mama yako tulipotezana siku tatu. Mapendo alikuwa na miaka kumi na sita. Watu walikuwa wanakimbia kila upande, tuliokimbizwa na waliotukimbiza, njia moja, vumbi moja. Nilikuwa nimemshika mkono, halafu nikawa nimeshika kitambaa chake tu. Siku tatu. Nikamkuta upande wa pili wa mto Ruzizi amekaa juu ya sufuria yetu, ameing'ang'ania kana kwamba ni mimi. Babu yako alisema tutangulie, yeye atafunga nyumba kisha atatufuata. Hakutufuata. Tukaanza upya hapa Mururu, mimi na Mapendo na sufuria, nikajenga chumba kimoja cha matofali ya udongo mabichi, juu nikaweka vigae vizito, kwa sababu nilitaka paa ambalo upepo wala askari hawezi kulibeba.

Mapendo akaolewa, akakuzaa wewe, halafu vita vya pili vikamchukua baba yako huko ng'ambo, mama yako akarudi kwangu akiwa na wewe mgongoni. Nikaamua kumjengea chumba chake, cha matofali ya kuchoma na simenti, ubavuni mwa changu. Nikamwita fundi Mugisho wa kisiwani Nkombo. Ndiyo, huyo huyo. Subiri.

Mugisho alipanga kuta vizuri kuliko fundi yeyote niliyewahi kumwona. Lakini alipofika upande wa chumba changu akasimamisha kazi. Akasema: "Maman Mapendo, hapa tuache nafasi. Shubiri moja tu. Hii nyumba yako ya zamani iko udongo, hii ya mupya iko tofali ya moto. Hazina mwendo mumoja. Siku ardhi itacheza, zitapigana."

Mimi nafasi! Unajua majirani wa mlimani hapa wanasema nini wakiona ufa kati ya kuta mbili za familia moja. Wanasema humo ndani kuna ugomvi unaosubiri siku yake, kwamba mama amemtengea binti mpaka. Nami nilikuwa nimempoteza Mapendo siku tatu, nikaapa hakuna kitu kitakachopita tena kati yangu na yeye, si mpaka, si mto, si shubiri ya fundi. Nikamwambia Mugisho: "Wewe muntu wa kisiwa, wewe unajua kuvua sambaza. Jenga." Akajenga, lakini nafasi akaiacha. Alikuwa na kichwa kigumu kama changu.

Jumamosi akavuka kwenda kwao. Mimi nikaokota mawe kutoka shamba la chini, nikachanganya simenti iliyobaki, nikaiziba nafasi ile kuanzia chini hadi juu. Mama yako ndiye aliyeteka maji.

"Maman, fundi alisema tuache."

"Fundi hakukuzaa."

Akaendelea kuleta ndoo. Nakumbuka kwamba alikuwa na furaha, Faida, sitakudanganya katika hilo. Tulipomaliza alipiga mgongo ukutani akasema sasa atanisikia nikikoroma.

Mugisho aliporudi Jumatatu akaona. Hakupiga kelele. Akachukua nyundo aanze kutoa mawe, mimi nikasimama mbele yake nikamwambia akigusa hata moja asirudi hapa. Akaosha mwiko wake, akaenda.

Tetemeko lile la asubuhi unalijua, sina haja ya kukuhadithia. Ulikuwa na miaka kumi, tulikuwa uani tumevaa nguo za misa, na mama yako alikuwa ameingia chumbani kwangu kunitafutia kitambaa cha kichwa. Ulichokisikia wewe ni kelele. Mimi niliona. Chumba kipya kilikuwa kigumu, kikatembea kwa pamoja kama lori, na kwa kuwa hapakuwa na nafasi hata ya kidole, mawe yangu ndiyo yaliyobeba pigo na kulipeleka kwenye ukuta wa udongo. Ukuta ukaanguka ndani. Vigae vikafuata. Chumba alichojenga Mugisho kilibaki kimesimama, na ndicho hiki unacholala mpaka leo. Hukujiuliza hata siku moja kwa nini?

Padri alisema ni mapenzi ya Mungu. Mungu hakuyabeba mawe yale. Niliyabeba mimi, kwenye karai, safari kumi na moja.

Na hilo si baya kuliko yote. Siku ya mazishi jirani mmoja akauliza, nyumba hii alijenga nani? Nikasema: Mugisho. Jina tu, sikuongeza neno. Jina likatembea lenyewe. Baada ya wiki moja mlima wote ulikuwa unasema fundi wa Nkombo aliiba simenti, na hakuna mtu upande huu wa ziwa aliyempa tena hata choo ajenge. Nilisikia. Nilipita sokoni nikasikia, nikanunua chumvi yangu nikarudi nyumbani. Na siku ya sherehe yako ya kumaliza chuo, hapa uani, ulisimama na ile kofia yako ukasema ulisomea ujenzi ili mafundi kama Mugisho wasiue tena mama wa mtu. Watu walipiga makofi. Nami nilipiga makofi, Faida. Kwa mikono hii hii inayokuandikia.

Hasira zako naziona kutoka hapa. Kasirika. Usivunje meza tu.

Alhamisi nilikuambia naenda Mibirizi kupimwa goti. Goti langu halina kitu. Nilipanda mashua kwenda Nkombo. Nilimkuta Mugisho ameanika sambaza juu ya chandarua, amekuwa mzee, mwembamba, mikono ya fundi inageuza samaki. Hakuinuka.

"Maman Mapendo. Unakuya kununua sambaza ao unakuya kuniletea maiti ingine?"

"Nimekuja kusema neno."

"Sema ukisimama. Viti vyangu viko vya bantu benye kunisalimia."

Nikasema nikiwa nimesimama, jua kichwani, kila kitu, kuanzia karai la kwanza la mawe. Mke wake akatoka ndani, mikono kiunoni, akanitukana kwa Kimashi. Kimashi sikijui vizuri, ila matusi yake nayaelewa. Niliyastahili, nikayapokea yote, isipokuwa moja kuhusu miguu yangu, hilo nilimrudishia. Mugisho aligeuza samaki mpaka mke wake akachoka. Halafu akauliza:

"Ule mutoto mwenye alisema jina yangu ku fete ya masomo, njo enjenieri sasa?"

"Ndiye."

"Anaacha nafasi ya ngapi?"

"Sentimita makumi ine."

Alicheka mpaka akakohoa. "Makumi ine! Na mi nilikuombaga shubiri moja!"

Sikujua kama nilie au nicheke naye. Hakusema amenisamehe, nami sikumwomba, maana si kitu cha kuomba kama chumvi. Nilipokuwa nashuka kwenda mashuani akaniita. Akasema: "Kama iko kweli, uiseme kule kwenye balisema jina yangu. Mi hapa na hizi samaki tunajua tayari."

Ndiyo maana jana, ulipokuwa Bugarama kuwaaga rafiki zako, mimi nilikwenda umuganda, ile kazi ya pamoja ya kijiji. Umri wangu umeshanitoa kwenye kazi hiyo, lakini nilichukua jembe langu nikalima mtaro wa barabara pamoja na wote, ili asiwepo wa kusema nimekuja kuongea tu. Kazi ilipokwisha tukakaa mkutanoni, mkuu wa umudugudu akasoma habari zake za mifereji na mbwa, halafu akauliza kama kuna mwenye neno. Nikasimama.

Maman Solange, aliyekaa karibu yangu, akanivuta kitenge. "Koko, kaa. Ile iko mambo ya zamani."

"Achia kitenge, utanivua mbele ya watu."

Wakacheka. Halafu nikasema, wakaacha kucheka. Nilisema ni nani aliyeziba, na kwa mawe ya wapi, na nani aliyekataza. Nilisema Mugisho hakuiba hata kijiko cha simenti, na chumba chake ndicho anacholala mjukuu wangu. Nilimtaja kwa jina mara tatu, kwa sauti, kama anavyotajwa mtu anayepewa zawadi. Leo kanisani uliniuliza mbona watu wananitazama. Niliwakataza wasikuambie kabla yangu, na ajabu ni kwamba wametii siku nzima. Ndiyo sababu.

Lakini hapo palikuwa na bwana mmoja wa kamati ya kituo cha afya. Akasimama, mpole, mwenye miwani, akasema: "Pole sana, Maman. Lakini maternite ni jambo jingine. Mama mwenye uchungu atapitishwaje na kitanda kama katikati pana shimo?"

Unaona? Hawana roho mbaya. Wanataka kuziba ili kitanda kipite vizuri. Mimi niliziba ili nimsikie mwanangu akipumua. Hakuna mtu anayeziba kwa ubaya, Faida, wote tuna sababu nzuri mkononi pamoja na mwiko.

Nikamjibu kwa maneno yako mwenyewe, yale uliyoninong'onea siku ile kabla simu haijalia: liwekwe bamba la chuma juu ya nafasi, lishikwe upande mmoja tu, upande wa pili liteleze. Kitanda kinapita, nyumba inabaki na mahali pa kwenda. Nikamwambia wewe unajua kulichora, na kwamba kama kumi hazitoshi basi jengo jipya lisogezwe, kilima ni kipana, hakuna aliyekipima kwa rula. Bwana yule akaandika. Halafu akauliza, na kila mtu akageuka kunitazama: "Na kama mkubwa wake huko Kigali akimwambia aache?"

Nitakuambia nilichojibu, lakini kwanza tumalize lile la Jumatano.

Kabla hujaanza kusifu maharage uliongeza: "Nikikataa watanifukuza, Koko. Na wewe utakula nini?"

Faida, usinitie mimi ndani ya saini ile. Nimekula kabla hujazaliwa. Nimekula majani ya maboga njiani huku risasi zinapita, nimekula ugali wa msaada wenye fukusi, nikalima miteremko ambayo hata mbuzi anaishuka kwa makalio. Kama unaogopa, sema unaogopa, kuogopa hakuna aibu, mkubwa wako ana sauti nzito na wewe ni mgeni pale. Lakini usiseme ni kwa ajili ya Koko. Mimi nilishafanya jambo baya kwa ajili ya mtu niliyempenda. Najua ladha yake. Linakuwa tamu siku ya kwanza, unapiga mgongo ukutani, unacheka.

Wala usije ukaniambia kwamba ni mashine tu, ni mchoro, kwamba ukuta wa kufuta kwa kidole hauui mtu. Wewe mwenyewe uliniambia mafundi watafuata karatasi ile. Wanawake watakaolala mule ndani nawajua kwa majina. Binti wa Maman Solange ana mimba ya miezi mitano. Ukiufuta ukuta wa zamani kwenye mashine, pale juu mlimani utaendelea kusimama, na ardhi ya huku haitazami kompyuta kabla ya kucheza. Wewe umezaliwa juu yake, unajua hasira zake.

Urudishe ukuta mahali pake. Acha uwe mwekundu. Umwoneshe mkubwa wako ukiwa mwekundu, na umwoneshe bamba linaloteleza, na kama una akili kama ninavyofikiri, umwoneshe na mahali pengine pa kuliweka jengo. Akikubali, vizuri. Akikufukuza, panda basi urudi. Kitanda kipo, chumba kipo, nacho kinasimama kwa sababu aliyekijenga alikuwa fundi kweli. Nitakugombeza siku mbili kwa kuniletea nguo chafu, halafu tutatafuta kazi nyingine.

Na kuhusu mama yako, sikuombi unisamehe katika barua hii. Hiyo ni kazi yako, ichukue muda wake, hata ikiisha mimi sipo. Ukitaka kunipigia simu kunitukana, piga mchana, jioni sauti yangu inakuwa dhaifu na nataka kukusikia vizuri. Lakini Mugisho uende umwone mwenyewe kabla ya mwaka huu kwisha. Lile ulilolisema kwenye sherehe yako ulilisema kwa kinywa chako, nalo mimi siwezi kukusemea.

Mvua iliyokuwa ikinyesha nikiandika imekatika. Nasikia watu wanapanda kutoka barabarani, utakuwa mmoja wao, na barua hii naiweka ndani ya kompyuta yako, kati ya kioo na vibonyezo, mahali ambapo huwezi kudai hukuiona.

Jibu nililompa yule bwana ni hili. Mbele ya mlima mzima, nimeshika jembe, nilisema: "Mjukuu wangu hatatia saini." Sikukuuliza kwanza. Ndiyo, nimekufunga, kasirika na kwa hilo pia. Ila ujue: ukitia, utakuwa umenifanya mwongo mara ya pili mlimani hapa, na safari hii sina fundi wa kumsingizia.

Koko wako,
mama wa Mapendo.